Sitaki Sindano Inijibie

"Usishike hapo," alisema.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye soksi ya mguu wa kushoto. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kiti chake cha magurudumu, beseni la maji ya uvuguvugu pembeni, taulo begani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kila jioni: kumvua soksi, kumwosha miguu, kumkagua visigino na vifundo kama kuna wekundu au mchubuko. Hospitali walitufundisha kwamba mtu asiyesikia miguu yake anaweza kupata kidonda kikamla mpaka mfupa na yeye asijue.

"Kwa nini nisishike?"

"Kuna sindano imebaki. Kwenye kifundo, upande wa nje. Vua soksi polepole, anzia juu, isije ikakuchoma."

Nikavua polepole. Kweli ilikuwepo. Sindano ya matibabu, nyembamba kama unywele, imelalia ubavu kwenye ngozi, kishikio chake kimepinda kwa kubanwa na soksi. Nikaichomoa, nikaitia kwenye chupa tupu ya dawa, nikakaza kifuniko. Nilipomaliza kukaza ndipo akili ikafika pale mikono ilipotangulia kufika.

Tangu tulipoanza matibabu ya sindano, zile kavu za kuchomekwa mwilini bila dawa, kila alipoulizwa, Brashi alikuwa akisema hasikii kitu chini ya kiuno.

"Umejuaje kama ipo?" nikamuuliza.

Alikuwa anatazama maji kwenye beseni kana kwamba kuna kitu kimeandikwa mle ndani.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Dada Sindano, ndivyo wagonjwa wote walivyomwita yule mtaalamu wa hospitali. Alikuwa anahema.

"Mdogo wangu, nisamehe sana. Nimehesabu sindano zangu, moja haipo. Mwangalie kifundo cha kushoto."

Nikamwambia nimeshaitoa.

"Afadhali. Nilichanganyikiwa na yule mgonjwa aliyeanguka chumba cha pili, nikarudi nimeshasahau nilipoishia. Maskini, itakuwa imemchoma njia nzima, na mwenyewe kanyamaza."

Akakatiza hapo. Nadhani alijisikia mwenyewe alichokisema.

"Dada, imemchomaje mtu asiyesikia?"

"Muulize mwenyewe," alisema. "Siri ya mgonjwa si yangu."

Brashi si jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mchora mabango, na mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu brashi haikukosekana nyuma ya sikio lake. Alianguka kutoka kwenye ngazi akiandika jina la duka la dawa. Alikuwa amebakiza herufi za mwisho, na mwenye duka kwa heshima akaliacha lilivyo. Harusi yetu ilikuwa karibu, nguo yangu imeshashonwa. Madaktari walituambia uti wa mgongo umeumia lakini haukukatika wote. Tukaisogeza harusi mbele bila kusema mpaka lini.

Alipotoka wodini akaanza mazoezi, na baada ya mazoezi alipelekwa kwa Dada Sindano. Huyu dada hakuwa mtu wa kuahidi makubwa. Siku ya kwanza alitukalisha mimi, Brashi na mama yake, akatueleza taratibu kwamba sindano zake hazishoni uti wa mgongo. Zinaweza kutuliza maumivu, zinaweza kulegeza misuli inayokakamaa, na pengine kuamsha kilicholala. Akarudia lile neno pengine na kutuomba tulishike vizuri, kwa sababu watu hulidondosha mlangoni wakiwa wanatoka. Brashi akamjibu kwamba yeye hana wasiwasi, ila mtu mzima kugeuzwa kimto cha fundi cherehani ni jambo la kuzoea.

Basi ikawa hivyo. Mimi nilikuwa napakia mikate kiwandani zamu ya alfajiri. Nikitoka, natumia nguvu zilizobaki kumpeleka hospitali kwa teksi na kumrudisha kwao. Nilikaa kwenye kiti cha kona nikiwa nimelipakata shati lake. Dada Sindano anachomeka, anazungusha kishikio kwa vidole viwili, anauliza hapa unasikia? Brashi anatazama dari, anasema sisikii. Goti, sisikii. Ugoko, sisikii. Kidole gumba, sisikii. Nilizoea kujiambia labda safari ijayo.

Kumbe alikuwa anasikia.

"Tangu lini?" nilimuuliza jioni ile, simu bado iko mkononi.

"Tangu yale majuma ya mvua. Kilianza kidole gumba. Kama mtu anakugusa kupitia blanketi zito. Kisha kifundo."

"Na Dada Sindano unamwambia?"

"Yeye hadanganyiki. Siku ya kwanza tu niliposhtuka aliona. Ukienda kulipa dirishani, namwambia. Nilimwomba asikwambie. Alikataa, nikamwomba tena, akasema hatasema lakini hatadanganya."

"Sasa mimi nimekukosea nini mpaka unifiche?"

Akaniambia yote, bila kupandisha sauti, kama anavyosoma maneno ya bango kabla ya kuyaandika. Alipokuwa bado wodini, siku moja nikiwa kazini, kaka yangu alimtembelea. Kaka ndiye mkubwa wetu tangu baba alipofariki. Ni seremala, mtu wa maneno machache. Alimwambia hana ubaya naye, lakini anaye dada mmoja. Wakakubaliana, wanaume wawili peke yao: wasubiri matibabu ya sindano yaishe. Miguu ikionyesha dalili yoyote, harusi iendelee. Isipoonyesha, Brashi mwenyewe aniambie nirudi kwetu, ili nisionekane mimi ndiye niliyemkimbia mgonjwa.

"Basi ungesema dalili zipo," nikamwambia. "Si ndiyo makubaliano yenu?"

"Daktari alinieleza peke yangu. Kusikia ni jambo moja, kutembea ni jingine. Naweza kusikia kila sindano ya huyu dada na nisisimame maisha yangu yote. Sasa nikisema nasikia, kaka yako ataridhika, utaolewa. Halafu utakaa unanitazama miguu kila asubuhi. Mwaka utapita, mwingine utapita, wewe unasubiri tu. Nikaona bora niseme hapana mpaka ziishe, uende zako ukiwa bado kijana."

"Na leo kwa nini umesema?"

"Ulikuwa unaenda kuishika na kiganja kizima."

Nilichovya kitambaa kwenye beseni, nikaendelea kumwosha. Hasira haikunizuia kukausha katikati ya vidole, kimoja kimoja, kwa sababu unyevu ukibaki pale ngozi inaoza. Nilipofika kifundo cha kushoto nilijua sasa ananisikia, na mkono ukawa mzito.

"Mimi kazini napanga mikate kwenye trei," nilimwambia nikiwa nimeinama. "Mkate hauulizwi unataka kwenda duka gani. Wewe na kaka mmenipanga hivyohivyo."

Mama yake akatokea jikoni akiwa ameshika mwiko. "Mbona kimya hivyo, mnasubiri taarifa ya habari?"

Nikamwambia nimechoka, naenda kulala kwa kaka. Akanitazama, akamtazama mwanawe, akarudi jikoni. Mama yule alikuwa na adabu ya kujua lini asiulize.

Siku zilizofuata sikwenda. Mama yake ndiye aliyempeleka hospitali. Sisi tukabaki kwenye ujumbe wa simu.

"Umefika salama?"

"Nimefika."

"Umekula?"

"Mikate haili."

Baada ya muda ukaja mwingine: "Kisigino cha kulia mama amekikagua. Kiko sawa. Nakwambia kwa sababu najua unawaza."

Nilikuwa nawaza kweli. Sikumjibu.

Kesho yake akaandika: "Leo nimemwambia Dada Sindano asiniulize kitu mpaka wewe uwepo. Amesema atanichoma bila maongezi. Imekuwa kama kunyolewa na kinyozi bubu."

Nilicheka mbele ya mashine ya mikate, mwenzangu akaniuliza nimeokota nini. Lakini bado sikumjibu.

Nilitoka zamu nikapitia karakana ya kaka. Alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda, maranda yamejaa miguuni. Niliketi kwenye gogo nikasubiri amalize. Alipoweka randa chini nikamwambia nimeyajua makubaliano yao.

Hakukana. Alipangusa mikono kwenye suruali, akavuta pumzi.

"Baba hayupo," alisema. "Nikikuona unamgeuza mtu kitandani mpaka nywele zako zinakuwa nyeupe, nitamwambia nini baba siku nikikutana naye?"

"Mwambie nilichagua mwenyewe."

"Mtu huchagua akiwa na moyo wa moto. Maisha yanakuja baadaye, moto ukiwa umepoa."

"Wewe ulimchagua wifi ukiwa umepoa?"

Akatabasamu bila kupenda. Akakubali kwamba siku zile alikuwa hapati hata usingizi. Kisha akarudi palepale. Alisema yeye hadai Brashi atembee. Anataka tu kuona kuna kitu kinarudi, mahali pa kushika. Siku ya mwisho ya sindano ni Ijumaa, atakuja mwenyewe asikie kwa masikio yake. Halafu akaniangalia machoni.

"Kuna dalili?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na mambo yote yangeisha pale kwenye maranda. Anasikia, kaka. Angefurahi. Angekuja kucheza kwenye harusi. Neno lilifika mpaka mdomoni. Lakini nikaona jinsi itakavyokuwa: kila atakapotutembelea atauliza habari za mguu, na kila mguu utakaponyamaza ataniangalia kwa huruma. Na Brashi atakuwa amesema kweli kwamba naolewa na mtu wa kusubiriwa.

"Sikwambii," nikasema.

"Hunielezi mimi kaka yako?"

"Njoo Ijumaa."

Jioni nikamwandikia Brashi: "Ijumaa nakuja. Nyoa ndevu."

Akajibu: "Za nini, wanachoma miguu."

Ijumaa nilibadilishana zamu na mwenzangu. Chumba cha Dada Sindano kilikuwa kidogo: kitanda kirefu chenye shuka jeupe, taa ya kujikunja shingo, kabati la kioo, ndoo ya manjano ya kutupia sindano zilizotumika. Brashi alikuwa ameshalazwa, suruali imekunjwa juu ya magoti. Alikuwa amenyoa. Mama yake alikaa kwenye kiti changu cha kona. Kaka alisimama mlangoni ameshika kofia, viatu vyake bado vina vumbi la mbao.

Dada Sindano alinawa mikono, akageuka, akatuhesabu kwa macho.

"Hiki ni chumba cha matibabu," alisema, "si kikao cha harusi. Lakini mwenye mwili amekubali, basi kaeni. Mwenye kukohoa akakohoe nje."

Alipangusa mguu wa kulia kwa pamba, akafungua sindano ya kwanza, akainama. Nikasogea karibu na kitanda.

"Dada, naomba usimame kidogo."

Akasimama, sindano ikiwa hewani.

Nilimtazama Brashi. Alikuwa ameshaelekeza macho darini kama kawaida yake. Nikamgusa shavu, akanigeukia.

"Kabla dada hajakuuliza, nakuuliza mimi. Utanioa?"

Mama yake alijishika mdomo. Kaka akaita jina langu la nyumbani, taratibu, kama anavyomzuia mtoto asivuke barabara.

"Wewe ndiye unaniuliza mimi?" Brashi alisema.

"Ndiyo. Miguu bado haijaulizwa."

"Unajua daktari alivyosema."

"Daktari sijamwuliza kitu."

Kaka alipiga hatua moja ndani. "Mdogo wangu, ngoja kwanza tusikie sindano inasemaje. Si ndilo lililotuleta?"

"Sitaki sindano inijibie, kaka. Itasema yake, na ikisema vizuri nitafurahi kama wewe. Ikisema vibaya nitalia. Lakini mimi nitakuwa nimeshajibu."

Kaka akatazama chini, akaigeuzageuza kofia.

Brashi alinishika kidole. Vidole vyake vilikuwa bado vina nguvu za mtu wa ngazi.

"Na siku utakayochoka?" aliniuliza.

"Nitakwambia nimechoka. Na wewe ukisikia, utaniambia umesikia. Usiposikia, utaniambia hujasikia. Usinichagulie cha kujua. Hilo tu ndilo sharti langu."

Nje kulikuwa na mtu anasukuma kitoroli cha chakula, magurudumu yanapiga kelele, na sote tukakisikiliza mpaka kikapotea mwisho wa korido. Niliogopa. Nilijua akisema hapana, hakuna mtu duniani atakayeweza kunisaidia, si Dada Sindano wala mama yake. Hapana inayosemwa kwa faida yangu ndiyo ngumu kuliko zote kuibishia.

"Jamani," alisema Dada Sindano, "mkono wangu unakufa ganzi na mimi."

Brashi akacheka. Halafu macho yakamjaa maji, akiwa bado anacheka.

"Nitakuoa," alisema. "Nisamehe. Nitakuoa."

"Basi endelea, dada," nikasema.

Sindano ya kwanza iliingia juu ya goti la kulia. Dada akazungusha kishikio. "Hapa?"

Safari hii Brashi hakutazama dari. Alinitazama mimi. "Hapo sisikii."

Lilikuwa neno lilelile nililolisikia miezi yote, na bado lilikuwa jipya, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilitikisa kichwa kukubali. Kaka aliinua macho akaniangalia, anatafuta usoni kwangu kama kuna kitu kimevunjika. Hakukipata.

"Hapa?" Ugoko wa kulia.

"Sisikii."

"Hapa?" Ugoko wa kushoto.

"Kidogo. Uzito tu."

"Hapa?" Kifundo cha kushoto.

"Hapo nasikia. Dada, punguza, hapo panauma kabisa."

Mama yake alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwa na kulia bila sauti. Dada Sindano alipunguza, akaendelea na kazi yake kama mtu aliyetuliwa mzigo, akiimba puani wimbo usio na maneno. Nadhani kaka alikuja kuchukua jibu, akakuta limeshatolewa na mtu mwingine, na sasa hajui afanye nini na mikono yake.

Tulipomaliza, yeye ndiye aliyeshika kiti kumsukuma Brashi kutoka. Mlangoni gurudumu likagonga fremu. Akarudi nyuma, akajaribu tena, likapita kwa kukwaruza, na kiwiko cha Brashi kikagonga mbao. Kaka akasimama koridoni. Akazunguka mbele ya kiti, akapiga goti, akatoa futi kamba mfukoni.

"Shemeji," alisema, "weka mikono kwenye magurudumu kama unajiendesha. Hivyo. Usiviondoe vidole, navyo vinahitaji nafasi."

Brashi akaweka mikono. "Unapima nini, shemeji?"

"Mlango."

Alivuta futi kutoka kiwiko hadi kiwiko, akasoma, akatingisha midomo ili asisahau. Watu walikuwa wanatupita pande zote mbili, muuguzi mmoja akatuomba tusizibe njia. Mimi nikasimama nyuma ya mama mkwe, nimeshika shati la Brashi, na sikuona hata aibu ya kulia mbele ya wageni.

Harusi ilikuwa ndogo. Nguo ilinipwaya, maana nilikuwa nimekonda, wifi akaibana kwa pini. Brashi aliandika mwenyewe bango la ukumbini, likiwa limelazwa mezani, na aliyekuja kulitundika ni kaka.

Hakuwahi kusimama. Siwezi kusema vingine. Sindano tuliendelea nazo kwa muda kwa ajili ya maumivu ya mgongo, zikamsaidia kulala. Kifundo kile cha kushoto kilibaki kinasikia mpaka mwisho, na jirani yake pakaongezeka kipande kama cha kiganja. Jioni nikimwosha aliniambia maji ya moto, au ya baridi, au akaniambia hapo sijui, na mimi nikamwambia leo nimechoka, au sijachoka. Tuligombana kama watu wote. Lakini jambo la kufichana halikurudi ndani ya nyumba yetu.

Kifua ndicho kilichomchukua, msimu wa baridi uliopita, kwa muda mfupi. Alikuwa na mvi tayari, na mimi ninazo. Kaka alikuja kabla ya watu wote akakaa na mimi, hakusema habari za baba wala za nani alichagua nini.

Mlango aliotutengenezea upo mpaka leo. Wageni wakija huusifu kwa upana wake, wananiuliza fundi ni nani. Ni mpana kweli. Nikipita peke yangu, nafasi inabaki kila upande.